Injini ya kwadi imeshika? Usiifungue bado

"Imenoki, fundi." Hilo ndilo neno ninaloletewa karibu kila mara kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, inapofikishwa kwangu ikisukumwa, likimaanisha injini imeshika na haizunguki. Mwenyewe amebonyeza starta, akasikia "ta!" moja, kisha kimya. Amevuta kamba ya kuwashia, nayo imegoma. Mara nyingi fundi wa kwanza amekwisha kumwambia atafute injini nyingine.

Mimi silipokei neno hilo mpaka niwe nimeshika spana na kujaribu kuizungusha kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa mkono. Kukwama ni dalili tu. Huenda kweli pistoni imeshikana na silinda. Lakini huenda pia silinda imejaa maji, meno ya starta yameng'ang'ania, beringi ya kranki imevunjika, au giaboksi ndiyo iliyofunga na injini haina kosa. Kwa anayebonyeza kitufe, yote hayo yana mlio mmoja.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza: acha kubonyeza. Na usithubutu kuifunga nyuma ya gari na kuivuta ikiwa kwenye gia. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa juu ya pistoni, nguvu yote unayolazimisha huishia kwenye konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, nayo hupinda. Konrodi iliyopinda kidogo inaweza kufanya kazi siku kadhaa, halafu ikatoboa bloku.

Betri napima mapema, maana ni kazi ya dakika moja. Ikiwa imejaa na imetulia inasoma kama volti 12.6; ikisoma chini sana ya hapo, siwezi kuilaumu injini bado. Kisha naichomoa plagi. Hatua hii ndogo hutatua kesi nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa kwadi iliyopita kwenye maji mengi. Plagi ikitoka, nazungusha kranki polepole kwa mkono, na maji yanaruka kupitia tundu lake. Injini inazunguka. Haikuwa imeshika kamwe! Hapo kazi inayobaki ni kukausha boksi la filta ya hewa na kumwaga oili, ambayo ikichanganyika na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa, na kuibadilisha tena na tena mpaka itoke safi. Wakati mwingine kinachoruka ni petroli, kwa sababu sindano ya karbureta haifungi. Oili nayo itanuka petroli na kipimo chake kitakuwa kimepanda.

Plagi yenyewe uitazame vizuri. Ukiona vichembe vinavyong'aa kama fedha kwenye ncha, hiyo ni aluminiamu, na aluminiamu hiyo kwa kawaida imetoka kwenye pistoni.

Kama bado haizunguki, naanza kuitenga injini na vinavyoiegemea. Starta naifungua na kuitoa. Gia naweka huru. Kwenye kwadi za belti, puli ya mbele kwa kawaida hukaa moja kwa moja kwenye ncha ya kranki, hivyo navua kifuniko na kuitoa belti. Niliwahi kuletewa kwadi ambayo tayari ilikuwa imetolewa tanki na silinda hedi imelegezwa boliti. Nilipovua belti, kranki ikazunguka kwa mkono bila shida. Jino la gia lilikuwa limekatika na kujipachika katikati ya gia mbili. Injini nzima ilikuwa ikifunguliwa bure.

Sasa ndipo inapofika zamu ya spana. Naweka soketi yenye mpini mfupi kwenye nati ya kranki, kwa makusudi: mpini mrefu unakunyima hisia na unaweza kukata ncha ya kranki. Naanza upande ambao injini huzungukia inapofanya kazi, kisha narudi kidogo kwa uangalifu ili nati isilegee. Hapa mkono ndio unaopima.

Ikisogea karibu mzunguko mzima kisha ikagonga kwa sauti kavu ya chuma, ukairudisha ikazunguka tena na kugonga ukiijia upande wa pili, fikiria cheni ya taimingi, inayozungusha kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Ikikatika, kamshafti husimama, valvu iliyobaki wazi hukutana na pistoni. Usilazimishe, kila pigo linaipinda zaidi. Ikizunguka kwa uzito na ukahisi kama kuna mchanga ndani, beringi za kranki zimekwisha. Hapo namwaga oili kwenye chombo cheupe na kupitisha sumaku: chembe zinazonaswa ni za chuma, yaani beringi au gia, zinazong'aa na kukataa sumaku ni aluminiamu. Filta ya oili naikata na kuitandaza, maana mengi hujificha humo.

Isiposogea hata unywele, nauliza historia. Ilizimika ikiwa mbioni na moto, au ilikaa muda mrefu na asubuhi moja ikakataa? Jibu hilo lina thamani kuliko vifaa vyangu vingi.

Iliyokaa muda mrefu mara nyingi ni kutu ya ringi na silinda, na dawa yake ni subira. Nachanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, namimina kupitia tundu la plagi na kuacha siku kadhaa, mbali kabisa na moto kwa sababu asetoni hushika moto haraka mno. Kila siku najaribu mbele na nyuma, kidogo kidogo. Ikiachia, nafurahi, lakini siiwashi. Silinda naifungua kuona kutu imechimba kiasi gani.

Iliyozimika ikiwa na moto ni jambo jingine. Aluminiamu ya pistoni hutanuka takribani mara mbili ya chuma, na nafasi kati yake na ukuta wa silinda ni sehemu za mia za milimita. Joto likizidi, nafasi hiyo inakwisha na pistoni inajipaka ukutani. Ukiitoa, isome kabla hujaitupa. Kwenye injini za mipigo miwili (zinazowaka kila kranki inapomaliza mzunguko mmoja), mikwaruzo ya upande wa ekzosi huashiria joto kupita kiasi au mchanganyiko wenye petroli kidogo. Upande wa kuingizia hewa, ni uhaba wa oili au vumbi lililopenya filta. Mikwaruzo minne iliyojipanga pembeni ni ya injini iliyokimbizwa kabla haijapata moto: pistoni imevimba, silinda bado baridi.

Silinda ya chuma hupanuliwa kwa mashine na kuwekewa pistoni ya saizi ya juu. Iliyopakwa nikeli haipanuliwi hivyo, kwa hiyo ulizia ya kwako ni ipi kabla ya kuipeleka kwa mchongaji.

Ninalosisitiza kuliko yote ni kuisoma pistoni ile, kwa sababu nililipia kutoisoma. Miaka ya mwanzo nilifunga pistoni mpya kwenye kwadi ya mipigo miwili, nikaikabidhi, na haikuchukua muda ikarudi imeshika tena. Mikwaruzo ilikuwa palepale, upande wa ekzosi. Mpira unaounganisha karbureta na silinda ulikuwa na ufa mwembamba unaofunguka tu ukiukunja, na hewa ya ziada ilikuwa ikipita humo. Mwenye kwadi aliumia mara mbili kwa kosa langu.

Siku hizi, injini ya namna hiyo haitoki kwangu bila kupimwa uvujaji. Naziba njia ya hewa na ekzosi, najaza upepo wa paundi 6 kwa inchi ya mraba, na kuangalia geji kwa dakika 6. Mshale ukishuka, napaka povu la sabuni kwenye mipira, gasketi na sili za kranki mpaka nione linapochemka, na hapo ndipo naanza kutengeneza.