Jiko la makaa chumbani: hutaamka

Kuanzia Juni hadi Agosti, kasualti hapa Nairobi tunaletewa watu alfajiri hawajitambui, blanketi zikinuka makaa. Waliowaleta huuliza maswali yale yale.

Sista, si mtu akikosa hewa usiku ataamka tu?

Hapana. Kinachokuamsha si upungufu wa oksijeni, ni hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi. Ikirundikana huungana na maji ya mwili na kuwa asidi. Kwenye shina la ubongo, karibu na kisogo, kuna seli zinazohisi asidi hiyo. Utando wake una vijia vya ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ambavyo daima hutoa ioni za potasiamu nje. Asidi ikizidi, baadhi ya vijia hivyo hujifunga, potasiamu inabaki ndani, seli inasisimka na kuamuru mapafu yaongeze kasi. Ndiyo maana huwezi kubana pumzi hadi ufe.

Basi tuko salama.

Hamko salama. Makaa yanatoa pia kaboni monoksaidi, na seli hizo haziihisi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hushika himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Wakati huo hewa ukaa inatoka kwa kila pumzi kama kawaida, kwa hiyo kengele ya asidi hailii. Usingizi unanoga, kisha unakuwa koma. Narudia: hutaamka.

Lakini makaa yameshashika, hayana moshi.

Moshi si kipimo. Haya mekundu mnayoyaingiza ndani kwa furaha ndiyo yanayoua, hata yakifunikwa na majivu.

Nikiweka sufuria ya maji kando?

Maji hayanyonyi gesi hii. Chemshia chai, kisha toa jiko nje. Nje, si kwenye korido ya ploti, na si kuacha ufa wa dirisha. Baridi ya Julai ni kali, najua, hasa kwenye nyumba ya mabati; ongeza blanketi, laleni pamoja.

Dalili ni zipi?

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa pamoja, msiseme ni malaria. Wengi humeza dawa ya maumivu, kisha wanarudi kulala kando ya jiko lile lile!

Tukimkuta amezirai, tumpe maziwa?

Tafadhali, maziwa hapana. Sumu iko kwenye damu, haiko tumboni, na asiyejitambua maziwa yanaingia mapafuni. Fungueni mlango, mtoeni nje, mumlete hospitali usiku huo huo. Msisubiri kupambazuke. Kwa hewa ya kawaida, gesi hiyo kwenye damu hupungua nusu baada ya muda wa saa 4 au 5. Kwa oksijeni safi ya hospitali, ni kama saa moja na nusu.

Mkifika, neno la kwanza liwe "kulikuwa na jiko ndani". Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakitofautishi gesi hii na oksijeni. Kinaweza kuandika asilimia 98, kama mtu mzima wa afya, kwa mtu anayekufa.

Na akizinduka njiani?

Msigeuze gari. Wapo wanaoonekana wamepona, kisha baada ya siku kadhaa au wiki kumbukumbu inapotea na mwendo unaharibika. Aliyelala naye chumba kimoja pia aje, hata akisema yuko sawa.