"Mwongeze tu, jina halili"

Rasimu imekamilika, jedwali la mwisho nimelihakiki, mara inaingia meseji: "Mtakwimu, mwongeze na Mkuu wa Idara kwenye orodha ya waandishi. Jina tu, halili."

Linakula jamani! Makala ikinukuliwa hutajwa wa kwanza, wengine wote tunamezwa na "na wenzake". Mkuu akipachikwa nafasi ya pili, anayesukumwa nyuma ni msaidizi wa utafiti anayetafuta ufadhili wa uzamili. Wanahisabati hujipanga kialfabeti, yakaisha. Sisi wa afya tunagombea nafasi.

Vigezo vya uandishi vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni vinne, na lazima uvitimize vyote: mchango wa maana kwenye wazo, data au uchambuzi; kuandika au kuhakiki rasimu kwa kina; kuidhinisha toleo la mwisho; kukubali kuwajibika. Hicho cha nne kiliongezwa 2013, na wakubwa hawakisomi. Takwimu zikija kuonekana za kupikwa, Mkuu naye atajibu. Kuleta fedha za mradi peke yake hakutoshi. Cheo ndiyo kabisa. Ana sehemu ya shukrani.

Kinachonichefua zaidi ni vigezo hivyohivyo kugeuzwa rungu. Kijana kazunguka Mbagala nzima na dodoso, kagundua swali watu wanalielewa kinyume, kapendekeza libadilishwe, likabadilishwa. Huo ni mchango kwenye utafiti wenyewe, si kubeba karatasi. Rasimu ikiiva hatumiwi, kisha anaambiwa "hukushiriki kuandika". Atashirikije? Mwongozo wenyewe umekataza kumnyima mtu nafasi ya kutimiza kigezo cha pili au cha tatu halafu kumwengua kwa hichohicho. Mtumieni rasimu!

Hapa watu hunitajia Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kitanzania aliyetangulizwa mbele ya msomi wa chuo kikuu. Sawa, makala ya 1969 kuhusu maji ya moto kuwahi kuganda kuliko ya baridi ilimtanguliza yeye, Denis Osborne wa chuo kikuu hapa Dar akafuata. Safi. Ila mle ndani yumo fundi wa maabara aliyepewa kazi ya kujaribu. Akaripoti kwamba kweli ya moto yametangulia, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Kauli yake ilichapishwa. Kati ya waandishi hayumo.

Kwa vigezo vya leo ningemweka kwenye shukrani, maana alifuata maelekezo. Ila fundi aliyeona kitu ambacho bosi wake hakukitarajia, akakiripoti kilivyo, bado ni mfuata maelekezo tu? Nimeshabishana na wenzangu mara nyingi juu ya hili, na kila mara nahama upande.