Hatari ya kujiua kwa mtoto mwenye usonji na wasiwasi: maana yake

Hatari ya kujiua haina maana kwamba mtoto ameshaamua kufa. Ni pale uchungu usio na pa kutokea unapokutana na fikra za kifo, na vitu vya kujidhuru viko karibu. Kwa mwenye usonji (autism), wasiwasi ndio mara nyingi unaozidisha uchungu huo: takriban watoto 4 kati ya 10 wenye usonji wana ugonjwa wa wasiwasi wa aina fulani.

Tazama mtoto wa Likoni, Mombasa, anayevuka na feri kila asubuhi. Msukumano, honi za matatu, kisha darasa la kelele. Kutwa nzima anajizuia, na hucheka wenzake wanapocheka. Mwalimu atasema ni mpole. Akifika nyumbani analipuka, au hasemi neno. Kuficha hali yake namna hiyo kunachosha, na tafiti zimelihusisha jambo hilo na fikra za kujiua, hasa kwa waliokwisha kukua.

Wazazi hukosea kwa kungoja machozi. Wengi wa watoto hawa hawajui kuitaja hisia. Atakwambia "sitaki kuwepo" kwa sauti ileile ya kuomba maji. Msimpime kwa sauti wala uso, mpimeni kwa kawaida yake: meli alizozihadithia kila siku hazitaji tena, usingizi umepotea, chakula hakigusi, kujipiga kumezidi.

Muulize waziwazi, mmekaa ubavu kwa ubavu: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. "Una nini, mwanangu?" ni swali pana mno, litajibiwa "sina kitu". Ngoja hata dakika nzima. Kama maneno hayatoki, aandike, au aguse namba kwenye kadi, 0 (sina fikra hizo) hadi 5 (ninazo sana).

Akisema ndiyo, asiachwe peke yake. Dawa zote na sumu za wadudu zifungiwe kwa ufunguo, na siku hiyohiyo apelekwe hospitali, mathalani Coast General. Kumsomea dua si vibaya, ila kusicheleweshe safari. Laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo. Wanaoogopa polisi wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Mlangoni mwambieni muuguzi kwanza kuhusu usonji, na muombe pa kungojea pasipo kelele; akilipuka kwenye foleni, atatibiwa utundu.