Poni si mtoto wa farasi

"Na huyu akishakua mtampeleka wapi?"

Aliyeuliza ni mama mmoja aliyeegemea uzio wa kiwanja cha mazoezi, mwanawe akizungushwa taratibu juu ya mnyama mfupi, mpana wa tumbo, singa zimemfunika macho. Mnyama mwenyewe ana miaka 19. Alikwisha kua zamani, tena kabla huyo aliyempanda hajazaliwa. Swali hilo nimelisikia kwa miaka, pamoja na ndugu zake wote: kama kananyonya bado, kama mama yake yuko banda gani, kama si dhambi kukatwisha uzito kangali kachanga. Nilikuwa nikitabasamu na kupita. Juzi nikamsikia kijana anayesaidia kufundisha akiwaambia wanafunzi wapya kwamba poni ni farasi ambaye hajakomaa, na ndiyo sababu watoto huanza naye. Hapo kunyamaza kukanishinda.

Poni ni farasi wa aina fupi. Umri haumo. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, humhesabu kuwa poni yule asiyezidi sentimita 148 bila viatu vya chuma, au 149 akiwa navyo, akipimwa kutoka ardhini hadi kwenye nundu pale shingo inapoishia na mgongo kuanza. Kichwa hakipimwi kwa sababu hakitulii. Uingereza mpaka uliozoeleka ni viganja 14 na inchi 2, kiganja kimoja kikiwa ni inchi 4. Huandikwa 14.2, na ole wake anayeisoma nukta hiyo kama ya desimali, maana baada ya 14.3 inakuja 15. Maana ya neno imeishia hapo.

Kilichobaki ni kwa nini watu wanakosea, na hapa sina budi kukiri jambo linaloniudhi kuliko kosa lenyewe: wanaokosea wana ushahidi. Ukilifuata neno hadi lilikotoka, linawatetea wao.

Waingereza walilitoa kwa Waskoti, waliokuwa wakisema powny. Waskoti nao, kwa maelezo yanayokubaliwa zaidi, walilitoa katika Kifaransa cha zamani, poulenet, na poulenet ni udogo wa poulain, yaani mtoto wa farasi. Hata leo ukimtajia Mfaransa poulain hatafikiria poni hata kidogo. Atafikiria kiumbe chenye miguu mirefu kilichobandana na ubavu wa mama yake. Ukichimba zaidi unafika kwenye Kilatini, pullus, mtoto wa mnyama, na hasa mtoto wa ndege. Katika shina hilohilo ndimo ilimotoka poulet ya Wafaransa, kuku anayewekwa mezani, kwa hiyo poni na kuku wa kuokwa ni watu wa ukoo mmoja, ingawa sijaona poni aliyefurahishwa na habari hiyo. Ningeambiwa nitafsiri pullus kwa neno moja la Kiswahili ningesema kinda. Nalo kinda, kama tujuavyo, lilitoka kiotani zamani likaenda kuvaa jezi katika kurasa za michezo.

Basi anakuja mtu aliyefungua kamusi moja nzuri, anakuambia kwa kujiamini kwamba poni ni mtoto, neno lenyewe linasema. Kweli lilisema. Halisemi tena. Mtazame mstaarabu: ustaarabu tumeutoa katika Kiarabu, katika kitenzi cha kujifanya au kuwa kama Mwarabu. Leo ukimpisha mzee mlangoni ukaitwa mstaarabu, hakuna anayekuuliza nasaba yako wala unasema Kiarabu cha wapi. Maana ya kwanza imebaki kwa wanaochambua lugha, sisi wengine tumebaki na adabu. Poni limepita njia hiyohiyo. Lilipoondoka Ufaransa lilibeba vitu viwili, uchanga na udogo, na njiani uchanga ukadondoka.

Halafu Kiswahili chenyewe nacho kinachochea. Sisi tukiona kitu kidogo karibu na kikubwa, upesi tunakiita mtoto. Droo ni mtoto wa meza. Ukungu unaoziba mboni ni mtoto wa jicho. Sasa mtu anayesimama uwanjani akaona farasi wa sentimita 165 na kando yake mwingine wa sentimita 100, mwenye sura ileile na mkia uleule, atasema nini kama si mtoto wa farasi? Lugha imemwekea jibu mdomoni. Wapo wanaoshauri tuseme kifarasi ili kukata mzizi wa fitina. Mimi naona fitina itaongezeka, kwa sababu ki- hiyo ndiyo ya kitoto, na ndiyo pia ya kudharau, na poni hudharauliwa vya kutosha. Poni ni neno fupi, linatamkika, lina irabu yake mwishoni. Tulikwisha lipokea, tulitumie sawasawa.

Mfikirie tu poni jike anayenyonyesha. Yule aliye chini yake utamwitaje? Ni mtoto wa poni, na akikua atakuwa poni. Anayeshikilia kwamba poni ni mtoto itabidi sasa aseme mtoto wa mtoto, akabaki hapo.

Tena ukiwaweka poni na mtoto wa farasi pamoja, macho hayahitaji kamusi. Mtoto wa farasi huzaliwa na miguu ambayo urefu wake unakaribia ule wa mtu mzima, kiwiliwili ndicho kinachokuja kufukuzana nayo baadaye. Ndiyo maana anaonekana kama amesimama juu ya vijiti na mkia wake ni kishungi cha pamba. Poni ni kinyume chake kabisa: miguu mifupi minene, kifua kipana, shingo nene, singa na mkia kama ufagio uliofumuka. Hana hata dalili moja ya uchanga isipokuwa kimo.

Nikubali pia kwamba kimo nacho kina wakaidi wake. Farasi wa Iceland wengi hawafiki sentimita 148, lakini ukimwita poni mbele ya mwenyewe utapewa somo refu. Wao wana farasi, basi. Farasi wa Kiarabu akitokea mfupi bado ni farasi, kwa heshima ya damu. Falabella wa Argentina kwa kawaida hafiki hata mita moja, na wafugaji wake humhesabu kuwa farasi mdogo, si poni, kwa sababu ya umbo lake jembamba. Wale wanaoitwa poni wa polo ndio waliovunja rekodi: wengi wamepita kipimo siku nyingi, jina limebaki kwa mazoea ya mchezo. Katika ubishi wote huo, angalia, hakuna hata upande mmoja unaouliza mnyama ana miaka mingapi.

Kuna kisa kimoja huwa nakikumbuka nikisikia "watoto wapande watoto wenzao". Mwaka 1842 Uingereza ilipitisha sheria iliyowakataza wanawake wote, na wavulana walio chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe. Mabehewa bado yalitaka kuvutwa katika vichochoro vifupi, na poni wakazidi kushushwa humo, wakiwemo wale wa visiwa vya Shetland ambao kimo chao hakitakiwi kuzidi sentimita 107. Poni aliingizwa mgodini mtoto alipotolewa. Alichaguliwa kwa kuwa ni mfanyakazi mzima aliyeenea mahali padogo.

Kama lingekuwa suala la msamiati peke yake ningevumilia. Tatizo ni kwamba anayeamini poni ni mtoto humtunza kama mtoto, na hapo ndipo mnyama anapoumia.

Kwanza kwenye chakula. Poni wengi asili yao ni nchi za baridi, upepo na majani hafifu. Mwili wao umejifunza kunenepa kwa kidogo. Yule anayemwonea huruma "ili akue" humwongezea nafaka, humwachia malisho mabichi yaliyojaa sukari, na kila mtoto anayepita humpa tufaha. Hakui. Ananenepa hadi shingo inakuwa ngumu kwa mafuta, kisha kwato zinawaka moto kwa ndani. Ugonjwa huo wa kwato unatisha: tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato huvimba na kulegea, na ukizidi, mfupa hujipinda kuelekea chini. Utamjua mgonjwa kwa kusimama kwake, ameegemea nyuma kama anayezikimbia kwato zake za mbele. Mwenye farasi mkubwa huhangaika mnyama wake asikonde. Mwenye poni, mara nyingi, kazi yake ni kufunga mlango wa malisho.

Pili, yule mtoto halisi. Ikiwa poni anabeba mtu na poni ni mtoto, basi mtoto wa farasi anaweza kubeba mtu. Hoja hiyo nimewahi kuisikia kwa masikio yangu. Farasi wengi huanza kuzoeshwa tandiko wakiwa na miaka 3 au 4, na mifupa ya uti wa mgongo huendelea kukomaa hadi kwenye miaka 5 au 6. Poni wa shule anayemvumilia mwanafunzi anayening'inia kwenye hatamu ni mwalimu mzoefu, mara nyingi amepita miaka 10, na wengi hufundisha hadi baada ya 20. Uvumilivu ule ameusomea.

Tatu, adabu, ambayo ndiyo hasa inayopotea. Mtu hamkimbilii farasi mkubwa kwa nyuma akamkumbatia mguu. Poni hukimbiliwa na kukumbatiwa kama mwanasesere. Macho yake yako pembeni ya kichwa kama ya farasi yeyote, hamwoni aliye nyuma ya mkia wala aliye chini kabisa ya pua, na teke lake, kwa bahati mbaya, huja kwenye kimo cha uso wa mtoto. Anaendewa begani, kwa sauti kwanza, akupe sikio ndipo umguse. Kamba ya kumwongozea haizungushwi mkononi hata awe mpole vipi. Kwato husafishwa kabla na baada ya kupanda, kutoka kisigino kuelekea mbele, ukikwepa ile sehemu laini yenye umbo la pembetatu katikati. Mshipi wa tumbo hukazwa kidogo kidogo, si kwa mvuto mmoja kama unafunga mzigo wa kuni, na hukaguliwa tena kabla ya kupanda kwa sababu wapo poni wazee wanaojua kujaza tumbo upepo. Ndani ya kiwanja unamwachia aliye mbele yako nafasi ya farasi mmoja mzima, mkikutana mnapishana kila mmoja mkono wake wa kushoto ukielekea wa mwenzake, na lijamu iliyo mdomoni mwa mnyama si mahali pa kujishikilia usianguke. Shika singa. Ndiyo maana anazo nyingi.

Yote hayo yule mama wa uzioni sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba huyu amekwisha kua, ana miaka 19, na ndiye mkubwa kuliko wote bandani isipokuwa mmoja. Alicheka, akamwangalia upya. Somo lilipokwisha nikamwita saisi, mtunza farasi wetu, akamfungua mnyama mdomo kwa upole ili umri uonekane: meno ya mbele marefu, yameinama kwenda mbele, yana rangi ya chai. Mtoto wa yule mama akauliza kama naye ataruhusiwa kumwamkia.

Yule kijana msaidizi tumeongea pembeni, si mbele ya wanafunzi. Wiki hii nimemsikia akisema "farasi wa aina fupi". Nukta ya 14.2 bado anaisoma kama desimali, tutafika.