Kibanda kimoja, anwani mbili

Katikati ya Nairobi kuna majengo yenye mlango mmoja Moi Avenue na mwingine Tom Mboya Street. Sasa mtume fundi akabomoe kibanda kilichoandikishwa upande wa Tom Mboya, usimwambie kwamba kibanda hichohicho kimeshapata mwenye mpya aliyekiandikisha kwa anwani ya Moi Avenue. Atabomoa tu, kwani karatasi aliyopewa haimkatazi.

Hivyo ndivyo dpkg, programu inayosakinisha vifurushi vya programu kwenye mfumo endeshi wa Debian, ilivyonifutia faili.

Kwenye Debian ya siku hizi, /lib ni kiungo tu kinachoelekea /usr/lib. Ukiingia kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, unafika folda ileile. Kiungo hicho dpkg haikijali: kwenye daftari lake, njia mbili zinazoandikwa tofauti ni faili mbili.

Kazini natunza vifurushi vyetu vya ndani. Kimoja, tukiite malipo, kilikuwa na faili ya systemd (programu inayowasha huduma za seva) ndani ya /lib/systemd/system. Nikaamua kufanya usafi wa mara moja: faili ihamie /usr/lib/systemd/system, na papo hapo itoke malipo iingie kifurushi kipya, malipo-seva. Nikaandika Breaks (kifurushi hakipatani na toleo la zamani la kingine) na Replaces (kinaruhusiwa kuchukua faili za kingine) kama inavyotakiwa, nikajaribu kwenye mashine tupu, ikakubali.

Shida ni kwamba kwenye mashine tupu hakuna cha zamani cha kufutwa. Kwenye seva halisi, malipo-seva ilifunguliwa kwanza ikaandika faili yake. Kisha likaja toleo jipya la malipo. Dpkg ikaona njia ya /lib haimo tena, ikaenda kuifuta. Replaces haikusaidia kitu, kwa sababu yenyewe hulinganisha njia, na hizi hazikufanana. Seva nyingine ilianza na malipo, ikafuta kwanza ndipo ikaandika, na hiyo ikabaki salama. Vifurushi vilevile, matokeo mbalimbali!

Kilichoudhi zaidi ni kwamba hakuna aliyegundua siku hiyo. Huduma iliendelea kukimbia hadi seva ilipowashwa upya Jumamosi usiku, ikakataa kuamka. Ukiuliza daftari kwa dpkg -L malipo-seva, faili imeorodheshwa; ukiangalia folda yenyewe kwa ls, haipo. Nilisakinisha upya kifurushi hicho kwa --reinstall, nikarudi kulala, ingawa usingizi wenyewe haukuja.

Ungedhani dawa ni kutenganisha hatua: leo badilisha njia, mwezi ujao badilisha kifurushi. Si lazima isaidie. Watumiaji wengi wa Debian huruka kutoka toleo thabiti hadi toleo thabiti. Bookworm, toleo thabiti mojawapo, ilitoka Juni 2023 na trixie, lililofuata, Agosti 2025. Hatua ulizotenganisha kwa mwaka mzima humfikia mtu huyo usiku mmoja, kwa mpangilio ambao hukuuchagua wewe. Kalenda yako wewe mtunzaji haina uzito hapo. Kinachohesabiwa ni miruko ya mtumiaji. Ndiyo maana kamati ya kiufundi ya Debian ilishauri watunzaji wasitishe uhamishaji wa namna hii kwa muda, hadi bookworm ilipokwisha kutoka. Walioona ni urasimu, nadhani hawajawahi kuamshwa Jumamosi usiku.

Vifurushi vinavyosoma faili ya mwenzao vina adha ndogo zaidi: kwanza msomaji afundishwe kutafuta pote pawili, kisha faili ihame, na Breaks imtaje msomaji wa zamani ambaye bado hajafundishwa.

Sisi tuna nafuu ambayo Debian haina: tunazijua seva zetu zote. Kwa hiyo sasa tumetenganisha hatua. Toleo la 2 limebadilisha njia tu, ndani ya malipo ileile, na hapo dpkg hujua kwamba ni faili moja. Toleo la 3, la kuhamishia malipo-seva, liko tayari ila sijalitoa. Imebaki seva moja kwenye toleo la 1, ile ya tawi la Thika Road, na kila nikiuliza itazimwa lini naambiwa, "Ngoja kwanza tufunge mwezi."