Mnyauko wa migomba: acheni kuchoma mizinga ya nyuki

Ofisini kwetu Bukavu malalamiko ya wafuga nyuki yanaongezeka. Mizinga inachomwa usiku na majirani wanaosema nyuki ndio wanaoua migomba.

Majirani hao wameshika nusu ya ukweli. Bakteria wa mnyauko wanaishi katika utomvu wa mgomba mgonjwa, na utomvu huo hutokea pia kwenye ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Nyuki akifuata nekta anajipaka, kisha anatua kwenye kovu bichi la mgomba mwingine, pale ua lilipodondoka. Mgomba haupati faida yoyote kwa ziara hiyo, maana ndizi zetu huzaa bila kuchavushwa. Ila nyuki huyo huyo ndiye anayechavusha avoka zenu. Tena ua dume linatembelewa pia na nzi na nyuki wadogo wasiouma. Nao mtawachoma?

Dawa ni kuliondoa ua lenyewe. Chane la mwisho likishatokea, chukua fimbo ndefu yenye panda, shika kikonyo cha ua, zungusha mpaka kivunjike. Si kwa panga. Narudia: si kwa panga, kwa sababu panga lililokata mgomba mgonjwa linabeba bakteria moja kwa moja hadi ndani ya mgomba mzima. Ukilazimika kukata, pitisha panga motoni mpaka lisishikike, au lichovye katika maji ya Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, kipimo kimoja cha Jik kwa vitano vya maji. Fanya hivyo kila unapohama kisiki, yaani shina mama na machipukizi yake, si jioni ukimaliza kazi.

Kuutambua ugonjwa si kazi ngumu. Majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zina rangi ya kahawia. Kata shina, ngoja dakika chache: usaha wa njano unatoka kwenye mkato. Huo si uchawi wa mama mkwe. Shina lenye dalili likate usawa wa udongo, lingine litakaloonyesha dalili likate vilevile, na uendelee kukagua. Kung'oa kisiki kizima si lazima siku zote.

Wapo pia wanaong'oa maharagwe yaliyopandwa katikati ya migomba, eti yana uvimbe kwenye mizizi. Jamani! Bana kiuvimbe kimoja kwa kucha. Kikibanduka kwa urahisi na ndani kikawa chekundu-waridi, humo wamo bakteria wanaovuta naitrojeni ya hewani na kuilisha haragwe, nalo linawalipa sukari. Uvimbe usiobanduka, ambao ni mzizi wenyewe uliovimba, ni wa minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi. Huo tuleteeni tuuone.

Kuhusu usafirishaji: machipukizi yasitoke shamba lenye mnyauko, hata kama yanaonekana mazima, kwani bakteria wanaweza kukaa ndani bila dalili. Anayevusha miche mpaka wa Ruzizi, kati ya Kongo na Rwanda, awe na cheti cha afya ya mimea, akikipata kabla ya kupakia. Bila hicho mzigo unaweza kuzuiliwa au kuteketezwa, na kubishana na mkaguzi hakusaidii. Na majani ya migomba migonjwa yasitolewe kwa kufunikia kasiksi, pombe ya ndizi, hata kama anayeomba ni shemeji.