Piga picha kabla ya kuchonga jino

Kazi yangu ni kuandaa ankara na kufuatilia madai ya bima katika kliniki za meno. Watu hudhani nashinda nikijaza fomu. Fomu hata dakika kumi haifiki. Kinachonila muda ni kutafuta ushahidi ambao daktari mwenyewe ameshausaga kwa drili.

Mtu akifungwa plasta mguuni, eksirei ya siku ya kwanza na ya wiki ya pili zote zitaonyesha mfupa uliovunjika. Jino halina subira hiyo. Daktari akishaondoa uozo, akalichonga na kulivisha kofia, yaani kifuniko kigumu kinachofunika jino lote, kinachoonekana ni kofia inayong'aa, basi. Mkaguzi wa bima hajawahi kuchungulia kinywa cha mgonjwa huyo. Anasoma karatasi, na anajiuliza jambo moja: kuziba tu kusingetosha?

Niliwahi kurudishiwa dai la kofia ya gego. Nikafungua faili, nikakuta maneno matatu: "Jino bovu. Kofia." Picha pekee ilikuwa ya baada ya matibabu. Nilipomfuata daktari alinieleza vizuri mno: ncha mbili za upande wa ulimi zilikuwa zimekatika, kizibo cha zamani kimelegea, na ufa umeshuka hadi karibu na fizi. Yote kweli, na yote yalikuwa kichwani mwake. Nikaiandikia bima rufaa ya kupinga uamuzi wake, ikagonga mwamba.

Siku hizi naomba eksirei na picha ya kamera kabla drili haijagusa jino, kisha picha nyingine uozo ukishatoka na jino halijajengwa. Ile ya pili ndiyo yenye nguvu, kwa sababu inaonyesha sehemu ya jino isiyooza imebaki kiasi gani. Wapo madaktari wanaonung'unika kwamba nawapotezea muda. Nami huwauliza kama wangependa kuandika rufaa wenyewe.

Fizi nazo ni hivyohivyo. Kukwangua ugaga ulio chini ya fizi ni tiba, na bima huitofautisha na usafishaji wa kawaida. Hutaka vipimo vya kina cha mifuko ya fizi, yaani nafasi kati ya fizi na jino, kwa milimita, sehemu sita kwa kila jino, pamoja na eksirei inayoonyesha mfupa umeshuka. Ukipeleka dai ambalo vipimo vyake vyote ni milimita 2 na 3, umepeleka ushahidi kwamba fizi ni nzima.

Namba za meno zina vichekesho vyake. Katika mfumo wa tarakimu mbili unaotumika sehemu kubwa ya dunia, 16 ni gego la kwanza la juu kulia. Katika mfumo wa Marekani, unaohesabu 1 hadi 32, jino hilohilo ni namba 3, na 16 ni gego la mwisho la juu kushoto. Programu ikichanganya mifumo hiyo, mgonjwa anajikuta ameombewa kofia ya jino ambalo pengine aling'olewa zamani. Tena tarehe ya kung'olewa ina uzito wake: sera nyingi hazilipii jino la bandia kama pengo lilikuwapo kabla ya bima kuanza. Muulize mgonjwa mapema, usingoje bima imuulize.

Kuna ombi moja ambalo hulikataa palepale. Kiwango ambacho bima hulipa kwa mwaka kimeisha, mgonjwa anainama dirishani na kuninong'oneza, "Si uandike tu tarehe ya mwezi ujao?" Ni ombi la mtu aliyebanwa, simlaumu. Lakini tarehe kwenye dai ni tarehe ya matibabu; kuisogeza ni udanganyifu, na jina litakaloulizwa ni la daktari. Badala yake nakwenda kumwuliza daktari kama hatua zinaweza kugawanywa kihalali: mzizi utibiwe sasa, jino lizibwe imara, na kofia ifuate mwaka mpya wa bima ukianza. Akisema jino haliwezi kusubiri, namwandikia mgonjwa makadirio ya atakacholipa mwenyewe, tunapanga awamu, naye anatia sahihi kabla hajakaa kwenye kiti.